Muhammed Said Abdulla: Bwana Afya Aliyetupatia Bwana Msa

Kila mwaka ifikapo katikati ya Desemba, mabasi kutoka Dar es Salaam hushusha watu Moshi mjini usiku na mchana, na kutoka hapo magari madogo hupanda nao hadi Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo. Vihamba vilivyokuwa kimya mwaka mzima hupata sauti. Mtori huchemka jikoni, machalari hugeuzwa kwa mwiko mrefu, mbege huletwa, na watu ambao hawajaonana tangu Noeli iliyopita huulizana nani amezaliwa na nani amezikwa. Baada ya Misa na baada ya chakula hubaki saa ndefu za alasiri, ukungu umeshuka hadi migombani na hakuna anayetaka kutoka. Katika nyumba nyingi tulizozijua, hizo zilikuwa saa za kitabu.

Nyumbani kwetu kitabu kilichopita mikono mingi kuliko vyote kilikuwa riwaya ya upelelezi iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale. Jalada lilikuwa limekwisha kutoka, na kurasa za mwisho zilikuwa zimepotea. Yawezekana ziliwashia moto asubuhi moja ya baridi. Basi tulijua kwamba mtu ameuawa, na tuliwajua wanaoshukiwa, lakini muuaji hatukumjua. Kila Desemba mjadala ulianza upya. Binamu yetu mmoja, mwenye sauti kubwa, alikwisha kumhukumu mhusika mmoja na hakutaka kusikia lingine, kwa sababu tu hakumpenda tangu alipotajwa mara ya kwanza. Wengi tulimfuata, maana alizungumza kwa uhakika. Miaka mingi baadaye tulipopata nakala nzima tuligundua kwamba alikosea, nasi tulikosea pamoja naye.

Aliyetutega hivyo ni Muhammed Said Abdulla, mwandishi anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Hakuwa mtu wa mlimani, wala hakuwa Mkatoliki. Hata hivyo tumeona vema kusimulia maisha yake katika ukurasa huu, kwa sababu jambo aliloliandika linatuhusu sana sisi tunaoishi kihamba kwa kihamba, ambapo jirani husikia jirani yake akikohoa.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika jamii ya Waislamu. Makunduchi hujulikana kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, ambayo huadhimishwa mwezi wa Julai. Siku hiyo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Msomaji wa Uchagani atatabasamu. Sisi tunaoishi chini ya migomba hatukufikiria kuitumia kwa kazi hiyo. Tuna jani la isale, ambalo mkosaji hulibeba kwenda kuomba msamaha, na mwenye kupelekewa huona vigumu sana kulikataa. Watu wa pwani na watu wa mlimani wamejua, kila upande kwa njia yake, kwamba kinyongo kisichopewa siku yake ya kumalizwa huzaa makubwa.

Upande huo wa kusini mwa Unguja unajulikana pia kwa mizimu, yaani mahali kama pango au mti mkubwa ambapo watu walipeleka nadhiri zao na kuwaomba waliotangulia. Mtoto aliyekulia hapo aliyasikia mambo ya mizimu akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Tunalitaja hili kwa sababu litarudi.

Masomo yake aliyamaliza mwaka 1938, katika shule ya misheni ya Kikatoliki. Kwa sisi wa Moshi, Unguja ni kama nyumba ya bibi: imani yetu ilipita huko kabla ya kutufikia. Wamisionari Wakatoliki walitua Unguja mwaka 1860. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo miaka michache baadaye, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakafika Kilema. Ilikuwa pia kawaida ya shule za misheni kupokea watoto wa Waislamu, wakasoma, wakahitimu, wakabaki Waislamu. Tukipenda kulinganisha, Arthur Conan Doyle, aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes, alisomeshwa na Wajesuiti katika shule ya Stonyhurst huko Uingereza. Hatusemi kwamba shule za Kanisa huzaa watunzi wa hadithi za mauaji. Tunasema tu kwamba walimu hao, wa Stonyhurst na wa Afrika Mashariki, walimzoeza mwanafunzi kutoa sababu ya kila jibu.

Alipomaliza shule aliajiriwa katika idara ya afya, akawa mkaguzi, au kama tunavyosema wengi wetu, bwana afya. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Wanaosimulia maisha yake huipita haraka miaka hii ili wafike kwenye vitabu; sisi tungependa kukaa hapo kidogo. Bwana afya, popote alipo, ni mtu anayeruhusiwa kuingia mahali ambapo wageni hawaingii. Hufunua sufuria, huchungulia kisima, huuliza maziwa yamelala wapi na nyama imechinjwa lini. Hawezi kuandika katika ripoti yake kwamba watu wameugua kwa jicho baya. Lazima aseme ni maji gani na ni chakula gani. Anajifunza kwamba ugonjwa una njia uliyopita, na kwamba anayeifuata njia hiyo nyuma, hatua kwa hatua, atafika mlangoni mwa mtu au ukingoni mwa kisima. Pia anajifunza kwamba mwenye nyumba hasemi kweli yote siku ya kwanza, wala si kwa ubaya. Mara nyingi ni kwa aibu. Sisi tunaamini kwamba Bwana Msa alizaliwa katika miaka hiyo, ingawa jina lake lilikuwa bado halijaandikwa popote.

Mwaka 1948 Abdulla aliiacha kazi ya afya akaingia katika uandishi wa habari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa magazeti mengine, yakiwamo Al Falaq na Afrika Kwetu. Anayeijua historia ya Unguja atasimama hapa. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu; Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Miaka ile ilikuwa inaelekea katika siasa kali ambamo watu waliacha kuzikana na kununua dukani kwa jirani kwa sababu ya chama. Mtu aliyekaa kwenye meza za pande zote mbili alisoma kila asubuhi tukio moja likisimuliwa kwa namna mbili, kila upande ukiwa na hakika kwamba mwovu ni yule mwingine.

Mwaka 1958 alihamia jarida la kilimo liitwalo Mkulima, akawa mhariri wake hadi alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta hapo, na Muungano wa Aprili mwaka huohuo ukamkuta hapo, yeye akiendelea na jarida la wakulima. Maisha yake ya ofisini yalikuwa hayo tu: afya, magazeti, kilimo. Hakuna lililomtangaza kuwa mtu wa ajabu.

Lakini kabla hajahamia Mkulima alikuwa amekwisha kuandika hadithi. Shirika la East African Literature Bureau liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ikapata zawadi ya kwanza. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mtu mwenye mali anakutwa ameuawa penye mzimu. Mahali penyewe panatosha kuwa jibu kwa watu wengi: mizimu imekasirika, na nani atauliza zaidi? Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maneno ya kupima, akifuatana na rafiki yake Najum, ambaye huona yote anayoyaona Bwana Msa ila haoni maana yake. Bwana Msa hamdhihaki anayeogopa mzimu. Anauliza tu maswali ambayo mzimu hauwezi kuyajibu: nani alikuwa wapi, nani alijua nini, nani atafaidika. Mwisho wake hatutausema. Anayetaka kujua asome, na aangalie kwanza kama kurasa za mwisho zipo.

Upelelezi wake ni wa barazani. Hakuna mbio za magari na hakuna bastola kila ukurasa. Watu wanakaa, wanazungumza, wanatembeleana, na ukweli hutoka kidogo kidogo katika mazungumzo, kama kahawa inavyomiminwa katika vikombe vidogo vya pwani. (Kahawa yenyewe ni jambo la kutuaibisha kidogo. Mlima wetu umeilima tangu enzi za wamisionari wa Kilema, ukasomesha watoto kwa fedha yake, lakini mgeni akifika tunampa chai.) Waliokuja baada ya Abdulla walichukua njia nyingine. Elvis Musiba, kwa mfano, alimtunga Willy Gamba, jasusi wa mbio na hatari, na vijana walimpenda kwa haki. Sisi hatuna ugomvi na Willy Gamba. Ila kwa alasiri ya ukungu, na bakuli la mtori mkononi, tunamchagua Bwana Msa, kwa sababu mji wake unafanana na kijiji chetu: kila mtu anamjua kila mtu, na bado hakuna anayemjua mwenzake kabisa.

Wakatoliki wana historia yao katika fasihi ya namna hii, na inafaa kuitaja. Mwingereza G. K. Chesterton alianza kuandika hadithi za Padre Brown kabla hajawa Mkatoliki. Mkusanyo wa kwanza ulitoka mwaka 1911, naye akapokelewa katika Kanisa mwaka 1922. Padre Brown ni padre mfupi, mnyenyekevu, anayewagundua wahalifu kwa kuwa amekaa sana katika kiti cha maungamo na anajua moyo wa mtu unavyoweza kuanguka, wa kwake ukiwamo. Padre mwingine, Ronald Knox, ambaye baadaye alitafsiri Biblia kwa Kiingereza, aliandika riwaya za upelelezi na mwaka 1929 akaweka amri kumi za kuongoza watunzi wake. Mojawapo inakataza kabisa kulitatua fumbo kwa nguvu zisizo za kawaida. Huyu ni padre, mtu anayeamini malaika na miujiza, lakini anasema katika kesi ya mauaji usilete mashetani. Kama Abdulla aliwahi kuisoma amri hiyo au hakuisoma, aliitii kikamilifu, tena katika nchi ambapo mashetani walikuwa jibu la karibu zaidi kuliko huko Uingereza.

Hapa ndipo maisha ya mwandishi huyu yanapotugusa sisi. Tuliishi katika kijiji kimoja cha mlimani ambapo kijana mwenye nguvu alifariki ghafla, kati ya Jumatatu na Jumatano. Kabla hajazikwa, jina la mtu lilikuwa tayari limetajwa: mama mjane, jirani, ambaye wiki moja kabla alikuwa amegombana na familia hiyo kuhusu zamu ya maji ya mfongo. Hakuna aliyemshtaki mbele za watu. Watu waliacha tu kumsalimia. Ndizi zake hazikununuliwa gulioni, na alipoleta chakula msibani kiliwekwa kando, kikapoa, kikapewa mbwa. Baadhi yetu tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliopita mbele yake bila kumwamkia, na tulikuwa tumetoka Misa. Baadaye ndugu mmoja wa marehemu aliyeishi mjini alikwenda hospitali alikofia kijana, akaelezwa ugonjwa uliomuua, ugonjwa wenye jina na wenye dalili ambazo nyumbani walikuwa wameziona kwa miezi. Jani la isale lilipelekwa kwa yule mama. Alilipokea. Lakini lilipelekwa baada ya karibu mwaka mzima, na mwaka mzima wa kutosalimiwa ni muda mrefu kwa mtu anayeishi peke yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inasema kwamba mtu anayekubali kuwa jirani yake ana kosa bila msingi wa kutosha, hata kama amelikubali kimoyomoyo, ana hatia ya hukumu ya haraka. Hilo la kimoyomoyo ndilo tulilolisahau kijijini. Hatukusema neno, tukadhani tuko salama. Katika riwaya za Abdulla msomaji hufanya kosa hilohilo, mahali ambapo halimwumizi mtu wa kweli: humhukumu mhusika kwa sura yake, kwa ukali wake au kwa umaskini wake, halafu kitabu kinamwonyesha, kwa upole lakini bila kumficha, kwamba ametunga uongo kichwani mwake.

Tusimsifu kupita kiasi. Mafumbo ya Abdulla wakati mwingine husokotana mno. Watu hugundulika kuwa ndugu, au baba wa fulani si baba, na msomaji hulazimika kurudi nyuma kurasa ishirini kuhesabu ukoo kwa vidole. Bwana Msa naye anajua mambo mengi kiasi cha kuchosha. Kiswahili chake, hata hivyo, kinasamehesha yote hayo. Ni Kiswahili cha Unguja kilichojaa mizaha na methali zilizopindwa kidogo, na ndiyo sababu vitabu vyake viliingia mashuleni Afrika Mashariki nzima. Mwalimu wa bara aliyetaka wanafunzi wake wasikie lugha ilivyo inapozungumzwa na wenyewe alikuwa na pa kuwaelekeza.

Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, mwaka aliostaafu. Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ni mji wa wachawi, na kwa mara nyingine jina la kitabu linamwalika msomaji aogope kabla hajafikiri. Kisha vikafuata vingine kwa haraka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mtu aliyetumia maisha yake akihariri maandishi ya wengine alitoa vitabu vinne katika miaka minne, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka hamsini na mitano. Wazee wa parokia zetu wanaodhani kwamba kustaafu ni kukaa kungoja mazishi wanaweza kulitazama hilo. Cha mwisho kilikuja mwaka 1984, na kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Tunalipenda jina hilo. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kumwonyesha mpelelezi wake akiwasahihisha wengine, mwandishi aliweka neno kosa karibu na jina lake mwenyewe, tena kwenye jalada.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Hakuacha kiwanda wala jumba. Aliacha riwaya saba na mpelelezi mmoja.

Nakala yetu nzima ya Mzimu wa Watu wa Kale ipo bado, imeshonwa uzi mgongoni ili kurasa za mwisho zisiende jikoni. Binamu yetu mwenye sauti kubwa sasa ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, na nywele zimekuwa nyeupe. Desemba ikifika yeye ndiye anayewasomea wajukuu, kwa kuwa bado sauti yake inafika hadi jikoni. Watoto humkatiza kila mara wakitaka awaambie nani ameua, na kila mmoja ana mtu wake. Yeye hugeuza ukurasa, hunywa chai yake, na husoma unaofuata.